Neno Ambalo Tupokigwe Hakulisema

Mwaka 1956 nilikuwa mwaka wa pili katika chuo cha ualimu cha wasichana, Mbeya, na kichwa changu kilikuwa kimejaa pomoni. Asubuhi hesabu, mchana malezi na bustani, jioni ushonaji, na katikati ya hayo yote maandalio ya masomo yasiyokwisha. Mimi Juliana, niliyekuwa wa kwanza darasani kule kwetu Igowole, sikujua tena niko ukurasa gani wa kitabu kipi. Ndipo Mwalimu Marta akatuongezea kazi ya kikundi: watu watatu, somo moja, alama moja.

Mwenzetu wa pili alikuwa Lea, Mbena mwenye haraka zake. Wa tatu ni Tupokigwe wa Rungwe, mpole, aliyekuwa na neno moja la Kinyakyusa kwa kila jambo. Ukimpa chumvi, "ndaga". Ukijikwaa mbele yake, "ndaga". Asante ni hilo, pole ni hilo, nami nilikuwa nakisia tu.

Somo letu lilikuwa kulinganisha uzito: mfuko wa maharage, mfuko wa pumba, na mizani. Tupokigwe alipewa kuwafundisha watoto wa shule ya jirani neno lenyewe. Kila tukifanya mazoezi, akifika pale anasema, "Tutazame upi umeshinda upi."

"Linganisha!" Lea alimfokea. "Sema linganisha!"

Tupokigwe alitazama chini. Nilichanganyikiwa, maana msichana huyu alisoma Biblia ya Kiswahili bila kujikwaa. Leo nikidhani ni ukaidi, kesho nadhani amechoka kama mimi. Basi mimi mjuaji nikaamua kumsaidia. Siku ya somo niliandika LINGANISHA ubaoni kwa herufi kubwa, bila kumwambia.

Akageuka, akaliona. Watoto wakamngoja. Mwalimu Marta akamngoja, kalamu mkononi. Kisha Tupokigwe akatoka nje.

"Mtarudia Ijumaa," Mwalimu Marta alisema. "Na yeye asipofundisha neno hilo, afunge sanduku lake aende kwao."

Nilimkuta bustanini, kwenye kabichi. Hasira zilinijaa. "Unatutakia nini, Tupokigwe?"

"Mimi nimechumbiwa," akasema. "Ng'ombe wa mahari walifika nyumbani likizo iliyopita. Baba yake yule mwanamume, jina lake siwezi taja. Hata neno yenye kipande cha jina lake siwezi sema wala kuandika."

"Anaitwa nani?"

Akanitazama kama unavyomtazama mjinga, na kweli nilikuwa mjinga. "Sasa nitakwambiaje, Juliana? Chukua ile neno yako. Kata mkia. Weka 'ka' mbele."

Nikakata, nikaweka. Kalinga.

"Mwambie Mwalimu!"

"Atasema ni ushenzi. Nikitamka, mama atasema nimemvunjia mzee wa watu heshima. Nimsikilize nani?"

 Kwetu mkwe tunamheshimu, ila heshima yake haikuwahi kuingia kwenye somo la hesabu. Nilimwonea huruma, na bado nilitaka cheti changu.

Tulikaa pale mpaka tukapata njia. Ijumaa niliandika neno lile tena. Tupokigwe akalinyooshea fimbo huku amewatazama watoto. "Hili linasomwaje?"

"Linganisha!" likaitika darasa zima.

"Tena!"

"Linganisha!"

"Maana yake?"

"Upi umeshinda upi!"

Tukafaulu. Lea hakuelewa lolote, akadai ni makelele yake yaliyotuokoa.

Mwaka 1959, nikiwa nafundisha Iringa, nilipata barua ya Tupokigwe. Ilikuwa ya habari za kawaida: mvua, shule mpya, watoto. "Nikilinganisha hawa wa huku na wale wa Mbeya," aliandika, "hawa ni wapole zaidi." Nikasoma hadi mwisho nikitabasamu, nikaikunja.

Nilikuwa nimekwisha kuitia sandukuni nilipoitoa tena upesi. Nikalitafuta lile neno la ubaoni. Lilikuwepo, kwa mwandiko wake mzuri, halikufutwa wala kukatwa. Kwa hiyo wale ng'ombe walikuwa wamerudishwa kwao.

Moyo uliniuma, kisha sikujua kama unaniuma kwa haki. Pengine alikuwa analia. Pengine alikuwa anacheka. Nilishika kalamu saa nzima, sijui nianze na pole au na hongera.

Mwishowe nikaandika: Ndaga.