Fundi wa Kalkuleta wa Ngara

Fundi wa kalkuleta pale Ngara huongea na mashine zaidi ya anavyoongea na wateja. Vidole vyake ni vinene, lakini Milcah aliviona vikilegeza skrubu ndogo kama chembe za wimbi bila kudondosha hata moja. Kila anapofungua kalkuleta huinusa ndani kwanza, kisha huigonga betri kwa ukucha. Ile aliyoileta Milcah, ya shule, ya miaka hiyo, ilikuwa ikionyesha nambari nusunusu. Fundi aliinua kioo, akaufuta utepe wa mpira unaokipelekea umeme, akavisugua kwa raba vidoti vyeusi vilivyojificha chini ya vitufe. Nambari zikarudi nzima. Kisha akavuta mkebe wa vitufe vya akiba, maana kile cha saba kilikuwa kimelika hadi nambari yenyewe ikafutika. Akakipapasa, akasita.

"Mwenye hii alikuwa anatumia mkono wa kushoto," alisema. "Imelika upande huu."

Milcah hakuwa amemwambia lolote. "Ni ya mamangu. Alikuwa mwalimu wa hesabu huko Dagoretti. Tulimzika Aprili."

"Pole sana, dada." Akaufunika mkebe. "Basi hiyo saba tuiache hivyo."

Milcah akaweka kidole gumba cha kushoto kwenye kibonde kilicholika cha ile saba, na machozi yakamtoka. Fundi akamgeuzia mgongo, akaanza kutafuta mezani bisibisi aliyokuwa ameishika mkononi.