Bei Niliyoitaja Gulioni

Nilipoacha kazi ya redio na kurudi Karagwe, nilianza kuwaandikia watu: risala za harusi, historia za koo, taarifa za vikundi vya kahawa. Kuandika hakukunisumbua. Kilichonisumbua ni kutaja bei. Huyu nasali naye, yule alisoma na dada yangu, nitamdaije? Nikawa najibu, "Utakachojaliwa." Kuna waliojaliwa mkungu wa ndizi, kuna waliojaliwa kusema ahsante.

Siku moja akaja mama mjane kutoka Igurwa. Alitaka maisha ya marehemu mumewe yaandikwe kijitabu, kisomwe kwenye ibada ya kumbukumbu, na wajukuu wabaki nacho. Alinisimulia jinsi mzee alivyokuwa akiiimbia mibuni yake wakati wa kupogoa, akidhani hakuna anayemsikia. Nilitamani kuanza siku ile ile. Kisha akauliza nitamtoza kiasi gani.

"Utakachojaliwa, mama."

Akanitazama kidogo, akajifunga kanga vizuri, akasema atarudi. Hakurudi.

Majuma yakapita. Nikadhani amepata mwandishi mwingine, tena nikaumia, maana ile habari ya mibuni ilikuwa haijanitoka kichwani. Nikaja kukutana naye gulioni, ameinamia fungu la maharage.

"Shikamoo, mama. Mbona ulipotea?"

"Marahaba, mwanangu." Akajinyoosha polepole. "Nilikuogopa. Mtu akikataa kukutajia bei, si ina maana ni kubwa? Nilikaa nikiwaza, nikimpa kidogo nitamtukana, nikimpa kingi nitakula nini. Nikaanza kumwangalia ndama wangu, kwamba labda nimuuze."

Miaka yote niliona naonyesha upole, kumbe namtwisha mtu mzigo wa kubahatisha.

Pale pale, katikati ya watu, nikapiga hesabu kwa sauti ili naye aisikie: bodaboda ya kwenda kwake na kurudi, siku za kukaa naye na shemeji zake, siku za kuandika, kuchapa na kubana vitabu steshenari. Jasho lilinitoka.

"Elfu themanini," nikasema.

"Hizo tu?"

"Hizo tu, mama. Na hakuna nyingine itakayozuka."

Akacheka hadi muuza maharage naye akacheka bila kujua sababu. "Waitu, jamani! Na ndama wangu nilishaanza kumuaga!" Tukakubaliana nusu anipe kwanza, nusu akishauza kahawa.

Nilikwenda Igurwa, tukakaa kwenye kibanja chake chini ya migomba, akaongea bila wasiwasi wowote, nami nikauliza bila aibu. Kijitabu kilisomwa kanisani, na penye ile habari ya mibuni watu waliangua kicheko na kulia papo hapo. Nusu iliyobaki mama alinitumia kwa simu kabla sijamkumbusha.

Baadaye akanipigia mwenyekiti wa kikundi cha wakulima kule Kibingo, Kyerwa. Walitaka historia ya kikundi chao. Nilimweleza kazi ilivyo, nikataja bei, nikanyamaza. Naye akanyamaza. Nilisikia jogoo akiwika upande wake, na nusura niseme kwamba bei tutaongea.

"Sawa," akasema. "Hiyo tunaimudu. Unakuja lini?"

Nilipokata simu nilikaa kwenye ngazi ya jikoni nikavuta pumzi ndefu, kama mtu aliyetua ndoo ya maji kichwani.