Kiwiko cha Mashavu na Bada ya Harusi

Nyumba ya Mzee Muhidini wa Sindeni haijapata kuazima mkono wa kusonga bada. Siku ya harusi, ugali huo wa muhogo husongwa na mwanamke wa nyumba, na tangu mama wa mzee azeeke, mwanamke huyo ni mkewe, Mashavu. Kwa hiyo kiwiko chake cha kulia kilipoanza kumuuma, na harusi ya kitinda mimba wake inakaribia, hakumwambia mtu. Alipanda basi hadi Korogwe, akatibiwe asikojulikana.

Tabibu alimwambia akunje ngumi na kuiinua huku yeye akiizuia, kisha akabonyeza mfupa wa nje wa kiwiko. Mashavu aliruka. Akaambiwa hicho ni kiwiko cha tenisi.

"Tenisi? Mwanangu, mimi hata kuiona sijaiona."

"Na mwiko, mama?"

Alicheka bila kutaka, kisha maswali yakamjaa. Kazi inafanywa na kiganja, mbona kinacholia ni kiwiko? Tabibu akamfuatishia kwa kidole misuli inayoinua kiganja, hadi inaposhika mfupa kule juu. Akampa vidonge vya kupunguza uvimbe na maumivu, avimeze baada ya kula, akamwonya kuwa dawa hutuliza tu. Mkono nao upumzike.

Vidonge vilimtuliza upesi. Kila asubuhi aliubonyeza mfupa, akiyatafuta maumivu kama mtu atafutaye sindano, asiyaone. Akajiona amepona. Akashika mwiko mkubwa, akajaribu. Jioni kikombe cha chai kilimshinda mbele ya mkwewe Hafsa, mke wa mwanawe mkubwa, binti wa Segera.

Hafsa alikipokea kikombe, akaomba bada ya harusi asonge yeye. Mashavu akaiwaza nyumba isiyoazima mkono. Watu wangesema nini?

"Hafsa, hapa umeolewa au umepanga?"

"Nimeolewa, mama."

"Basi huo si mkono wa kuazima."

Siku ya harusi wifi yake Munira alimkuta ameketi kando ya sufuria, akamtania kwamba leo bibi mkubwa ni mgeni mwalikwa. Macho ya Mashavu yalikuwa kwa Hafsa, aliyesonga kwa bega na mgongo, kifundo cha mkono kimetulia tuli.

"Hebu rudia, mwanangu," alisema, akisogeza kigoda karibu. "Polepole, nione."