Neno la Kondoo Aliyelala Chali

Thornsgill ni kijiji cha mawe huko Uingereza, na upepo wa kule huwanyoa kondoo kabla wenye mikasi hawajaamka. Asiyeamini akawaulize kondoo.

Huko ndiko alikoolewa Dinah Iveson, akitokea Crakedale, bonde la ng'ambo ya mlima. Baba yake hakumsamehe kuolewa ugenini mpaka akaingia kaburini. Na ukweni nako alichekwa, maana mabonde yale mawili yalitofautiana maneno kama yanavyotofautiana majogoo kuwika. Kila alipofungua kinywa dukani, wanawake walitazamana.

"Hebu rudia, Dinah! Unalia kama bata wa Crakedale!"

Akajifunza kuomba vitu kwa kidole. Nyumbani tu, mbele ya mumewe Amos, ndiko alikomwaga maneno yake yote.

Amos alikuwa mchimba madini ya risasi. Mgodi ulipofungwa, mkewe, binti wa mfuga kondoo, ndiye aliyemfundisha ufugaji, tangu kumshika kondoo jike hadi kumzalisha.

Wakazeeka. Ndipo akaja Bwana Fairburn, msomi wa chuoni, na mashine ya kunasa sauti, nzito kama beberu. Alitaka mzee mwanamume, mzaliwa wa hapo hapo, asiyesafiri, mwenye meno mazima ili maneno yasivujie njiani. Wanawake hakuwataka, wasomi walisema eti wao mbele ya mgeni huyapiga pasi maneno yao. Amos alikuwa na meno yote thelathini na mawili, wengine wanasema thelathini na matatu. Akachaguliwa.

"Mzee Amos, kondoo akianguka chali, miguu juu, asiweze kuinuka, mnamwitaje?"

Kila mtu Thornsgill angejibu rigwelt. Dinah, aliyekuwa jikoni anakanda unga, akamsikia mumewe akisema pole pole, "Huyo ni kessen."

Mikono ikamsimama ndani ya unga. Kessen lilikuwa neno la Crakedale.

Na maswali yalipofika kwenye mikate na jiko, Amos alisingizia kwenda kutazama chai, akamnong'oneza mkewe, akarudi na jibu likifuka moshi.

Ikapita miaka ishirini. Amos alikuwa kaburini Bwana Fairburn aliporudi, kichwa cheupe, akabandika ramani katika ukumbi wa kanisa. Watu wakaletewa chai, keki na jibini, wakaketi kusikia.

"Tulilinganisha kila kijiji na kingine, viwili viwili," alieleza, "tukahesabu maswali waliyojibu sawa na waliyotofautiana. Kompyuta ikavifunga pamoja vilivyofanana zaidi, kisha fungu na fungu mwenziwe, kama mtu afungavyo matita ya nyasi, mpaka Uingereza nzima ikawa mafungu machache. Kila fungu na rangi yake."

Thornsgill ilikuwa na rangi ya Crakedale.

Aliyesimama wa kwanza ni Kit Peacock, jirani, rafiki wa Amos wa tangu mgodini. "Sisi na wale? Watu wanaoibiwa na kondoo wao wenyewe?"

"Kaa chini, Kit, chai itakuunguza," sauti ikatoka viti vya nyuma.

"Sikai! Bwana, afadhali mashine yako ingetufunga na Wafaransa!"

Ukumbi ukacheka. Dinah hakucheka. Akinyamaza, kijiji cha mumewe kitabaki na rangi isiyo yake. Akisema, watamtoa Amos katika ramani, na sauti ya Amos haikuwa imebaki popote duniani ila mle katika mashine ya Bwana Fairburn. Alishika mgongo wa kiti, akainuka.

"Msiilaumu mashine. Maneno yale ni yangu. Amos aliyachukua kwangu."

Uso wa Bwana Fairburn ukapauka. "Basi, Bi Dinah, hayawezi kusimama badala ya Thornsgill. Itabidi tumtoe." Akatoa kalamu, kisha akasita. "Ila nisamehe, niulize. Alikuwa akiyasema hata ulipokuwa hupo? Kama aliyasema nyumbani tu, kumfurahisha mke, hiyo si lugha yake. Kama aliyasema kokote, ni yake."

Swali hilo Dinah alikuwa amelikimbia miaka yote. Huenda Amos aliyasema kwa huruma tu, kama mgeni anavyokula chakula kibaya cha mwenyeji.

"Nitajuaje, mwanangu? Nilipokuwa sipo, sikuwapo."

Kit Peacock, ambaye hata kitandani inasemekana alilala na kofia, akaivua.

"Aliyasema," alisema. "Mwaka ule wa theluji kubwa tulikuwa mlimani, mimi na yeye tu. Tukamkuta kondoo kalala chali. Mimi nikasema rigwelt. Yeye akasema kessen. Nikamcheka: we Amos, mkeo yuko bondeni huko, unamwogopa nani? Akamwinua yule mnyama, akamshikilia mpaka miguu ikapata nguvu. Ndipo akasema, 'Alikuja huku peke yake, Kit. Ningemwachaje na maneno peke yake?'"

Dinah akaketi, akamgeukia.

"Mbona hukuniambia, Kit?"

"Nilimcheka, Bi Dinah. Mtu hasimulii alipocheka vibaya."

Bwana Fairburn akairudisha kalamu mfukoni. Amos akabaki katika ramani, na Thornsgill ikabaki na rangi ya Crakedale, na Kit, aliyeanzisha kelele, hakusema neno tena juu ya rangi.

Asubuhi yake Dinah aliingia dukani. Hakunyoosha kidole. Aliagiza unga na hamira kwa maneno ya kwao, kwa sauti ya kuitia kondoo mlimani, na wanawake wakampisha mbele. Wanasema hata kengele ya kanisa iliitikia. Asiyeamini akaiulize kengele.