Magamba ya Nyenje Aliyoniletea Godeliva

Ipo siku moja naikumbuka, mwanangu, na kila nikiikumbuka natamani ardhi inimeze. Umeniambia unaanza kufundisha chekechea huko Kibondo, na kwamba wiki ya kwanza utawatoa watoto nje waokote vitu vya kuchezea na kutengenezea mapambo. Basi kaa kidogo unisikilize.

Nilikuwa mwalimu kijana, mtoto wa mwenye duka hapa Kasulu mjini. Nilijua bei ya sukari na majina ya vitambaa vyote dukani kwa baba, lakini porini sikujua lolote. Nikapangiwa shule ya kijiji upande wa Makere. Darasani nilikuwa na binti mmoja, Godeliva, wa miaka tisa hivi. Wazee wake walitoka Burundi. Aliishi na bibi yake mzaa baba, mama mmoja mkulima wa maharage. Mpole yule mtoto, ukimwita anasimama kabla hujamaliza jina lake.

Nikawaambia watoto walete kazi ya mikono kwa vitu vya kuokota tu. Nikasisitiza: mtu asivunje tawi bichi, asiue kiumbe. Nilijiona mwalimu mwema sana! Wakaja na mbegu, manyoya ya kuku, maganda ya konokono. Godeliva akaja na gome la mti, pana kama sahani. Juu yake alikuwa amebandika kwa utomvu wadudu wa rangi ya kahawia, wamepangwa mistari kama watu waliokaa. Mbele yao alisimama mmoja mkubwa, amefungwa kipande cha kitambaa cheupe kichwani.

Nikainama kutazama. Nikaona miguu, nikaona macho, hata vinywele. Damu ikanipanda.

"Godeliva, nilisema nini kuhusu kuua?"

"Sikuua, mwalimu. Ni magamba ya nyenje. Wameyavua wenyewe."

"Mdudu anavua mwili wake kama shati? Umeua, halafu unanidanganya mbele ya wenzako."

Nikalichukua lile gome, nikatoka nalo, nikalitupa kwenye shimo la taka nyuma ya jiko la shule. Niliporudi darasa zima lilikuwa kimya, nami nikadhani ule ukimya ni heshima. Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Dole nilikuwa nalo zima siku hiyo.

Kesho yake Godeliva hakuja. Wala keshokutwa. Jumamosi nikashika njia kwenda kwao, na nikwambie ukweli, sikwenda kuomba radhi. Nilikwenda kumshitaki kwa utoro.

Nikamkuta bibi yake anapepeta maharage. Nikamwamkia shikamoo, akanipa kigoda. Nikaanza maneno yangu ya mtoro na ya wadudu waliouawa. Aliniacha nimalize yote. Kisha akainuka, akaniambia, "Njoo, mwalimu."

Akanipeleka kwenye mninga uliokuwa mpakani mwa shamba lake. Juu kwenye matawi nyenje walikuwa wanalia mpaka masikio yanauma. Akabandua kitu kwenye gome, akakiweka kiganjani mwangu. Kilikuwa chepesi kama ganda la kitunguu.

"Mgeuze. Tazama mgongoni."

Nikatazama. Palikuwa na mpasuko mmoja mrefu, na ndani hamna kitu.

"Alitokea hapo," akasema. "Huyu unayemsikia juu ndiye mwenyewe, anaimba. Mtoto alikwambia kweli, mwanangu. Ulimgeuza hata mmoja?"

"Hapana, bibi."

"Siku tano alikuwa akizunguka hapa kuokota. Wale waliokaa ni wenzake wa darasani. Yule mwenye kitambaa ni wewe na mtandio wako. Alitaka kuwaachia ukumbusho, maana baba yake alikuwa njiani kuja kumchukua. Wamevuka mpaka jana kurudi Burundi. Mimi nimebaki, mzee wangu amezikwa hapa."

Nilikosa pa kuweka uso. Nikamwomba anisamehe. Akasema yeye hakukosewa, aliyekosewa ameondoka.

Nilirudi shuleni mbio, nikashuka shimoni na nguo zangu za heshima. Mvua ilikuwa imenyesha usiku wa kuamkia siku hiyo. Nilipata gome tu. Magamba yalikuwa yamesagika, huwezi kuyatenga na majivu.

Jumatatu nikasimama mbele ya watoto nikawaambia, "Nilimkosea Godeliva. Alisema kweli." Kijana mmoja wa dawati la nyuma akanyoosha kidole. "Tulijua, mwalimu. Sote tunayajua magamba ya nyenje. Ila ulikuwa umekasirika." Neno hilo lilinichoma kuliko la bibi. Watoto arobaini walijua, na mimi niliwafanya waogope kunifundisha.

Nilituma salamu na barua kwa kila niliyesikia anakwenda upande ule. Sikupata jibu. Bibi yake naye amekwisha kufariki. Godeliva sasa ni mama mtu mzima, kama yu hai, na pengine anawasimulia wanawe habari ya mwalimu aliyemwita mwongo.

Kwa hiyo, mwanangu, watoe watoto nje. Wafundishe kuokota kilichoachwa, wakishike kwa vidole vyepesi, wanawe mikono wakimaliza. Lakini mtoto akikuletea kitu usichokijua, muulize, na akikujibu, mwamini kwanza ndipo uchunguze. Asiyejua hajifunzi kwa kupiga kelele. Na ukimkosea, usilale na kosa hilo. Mfuate siku hiyo hiyo, hata kama jua linazama na kwao ni mbali, kwa sababu mtoto wa watu leo yupo na kesho amehama. Radhi ya kuchelewa haina mtu wa kuipokea.

Mungu akupe macho ya kutazama kabla ya kusema, akupe na moyo wa kushuka chini unapokosea. Watoto wako wasikuogope, na kazi ya mikono yao ikae salama mikononi mwako. Nenda na amani.