Kwenye Wimbo wa Filamu ya Jasusi, Mama Yangu Ni Yupi?

Admin, kisa kiweke, jina langu baki nalo. Nina miaka thelathini na nane, mama wa binti mmoja, naishi Kamachumu. Na msiniambie "muombe Mungu utulie", maana nimeomba mpaka nimechoka.

Mama alifariki kwa ule ugonjwa, Ukimwi, nikiwa bado nanyonya. Baba alishatangulia. Bibi aliyenilea hakuwa na picha ya mama hata moja, ila alizoea kuniambia, "Mama yako aliimba kwenye filamu ya jasusi wa wakati wa vita." Mimi nikajua ananibembeleza tu.

Mwaka jana, bibi akiwa ameshafariki, binamu yangu akanitumia kwenye simu mwanzo wa filamu hiyo. Kuna gitaa, ngoma ya chinichini, halafu wanawake wawili wanapokezana kuimba. Mawe, mama yangu wee! Nililia mpaka nikatapika. Lakini mama ni yupi? Bendi nzima iliyoupiga iliisha kwa ugonjwa uleule, kasoro mpiga gitaa, ambaye siku hizi ananunua dagaa kisiwani Goziba. Nikapanda boti nikamfuata.

"Tata, baba yangu, nionyeshe mama yangu," nilimwambia, nikamwekea wimbo.

Akausikiliza wote. "Waitu, mwenzetu, mwenye filamu ndiye alitaka hivyo. Alisema jasusi ana sura mbili, basi waimbe wawili na msikilizaji asijue nani ni nani. Tuliwafanyisha mazoezi mpaka wakafanana. Ngoma tuliifunika blanketi, jirani kulikuwa na msiba. Wakati ule misiba haikwisha."

"Lakini wewe ulikuwepo!"

"Nilikuwepo. Mama yako alikuwa ameanza kukohoa. Pumzi ikimkatikia katikati ya mstari, mwenzake anaudaka anaumalizia, kisha wanabadilishana. Tulifurahi sana kwamba haikusikika. Hata mimi siwezi kuwatenganisha, mwanangu."

Jamani, nilimchukia yule mzee, na hana kosa. Yule mwenzake mama naye alikufa, hakuacha hata mtoto wa kumuuliza.

Sasa binti yangu anaupenda wimbo. Ikiimba sauti ya kwanza anauliza, "Huyu ndiye bibi?" Ikija ya pili anauliza tena. Mimi nabana simu sikioni natafuta kikohozi, angalau nimjue mama kwa hicho. Sikisikii.

Mliofiwa na mama mkiwa wachanga, nisemesheni. Nichague tu sauti moja niiite mama? Na nikikosea, je?