Kundi la Tuzikane

Nakumbuka siku tuliyomzika baba yangu, mwanangu. Naikumbuka kwa hasira, wala sitakudanganya kwamba uzee umeipoza. Mwenye kovu usidhani kapoa.

Nilikuwa bado na nguvu zangu, mtoto wangu mkubwa ameanza kubalehe. Vyama vingi vilikuwa vimeingia karibuni, na hapa kwetu Mlingotini watu walivipokea kama watoto waliopewa kisu. Baba alitundika bendera ya chama kimoja juu ya paa. Jirani yetu, Mzee Pazi, akatundika ya chama kingine. Basi ikawa balaa. Watu waliokuwa wakiombana chumvi, waliolima mwani kamba kwa kamba baharini, wakaanza kupishana njiani bila salamu. Baba alipofariki, Mzee Pazi aliwaambia wenzake, "Na aende akazikwe na bendera yake." Nusu ya kijiji ikakaa majumbani. Waliolibeba jeneza walilibeba wale wale tangu nyumbani mpaka makaburini, hakuna wa kuwapokea.

Mama akakaa eda, akatoka eda. Haukupita muda, mke wa Mzee Pazi naye akafa.

Kaka yangu alisema, "Leo na sisi tukae ndani. Na wao waonje." Mama alijifunga kanga, akatwaa ndoo yake, akaelekea mlangoni. Kaka akasimama mbele yake.

"Mama, unakwenda kwa Pazi? Yule hakumzika baba."

"Siendi kwa Pazi," mama alisema. "Nakwenda kumwosha mwanamke mwenzangu. Pazi ana chama, maiti hana. Kama wewe unataka kufanana na Pazi, kaa hapo hapo mlangoni. Lakini mimi sikukuzaa uwe Pazi wa pili."

Kaka akasogea. Alasiri niliambiwa alionekana makaburini, ameshika jembe. Mama alimwosha yule marehemu kwa mikono yake mwenyewe, na Mzee Pazi alipokuja kulia mbele yake, alimpa pole, akaondoka zake. Nilikuwa nimefuatana naye, na njiani tukirudi nikamuuliza kama amemsamehe.

"Bado," akasema. "Kuzika si kusamehe. Kusamehe kutakuja kwa wakati wake. Maiti hangoji."

Sasa nije kwenu, na nikija sitaki mtu aniambie Bibi punguza sauti.

Vijana wa hapa, pamoja na wale waliohamia Dar, walifungua kundi kwenye simu zao wakaliita Tuzikane. Nia ilikuwa njema: mtu akifa, akiugua, akikwama, habari iwafikie wote. Admini wake, yaani mwenye mamlaka ya kuingiza watu na kuwatoa, ni mjukuu wangu Shabani aliye huko Dar. Yeye na dada yake Rehema niliwalea mwenyewe baada ya mwanangu kufariki.

Uchaguzi ulipokuja wakaanza kubishana humo. Uchaguzi ukapita, ubishi ukabaki. Ukaiacha siasa, ukaingia majumbani mwa watu: babu ya nani alimfanya nini nani, mama ya nani aliachwa kwa sababu gani. Hata bendera ya baba yangu waliifukua, watu ambao bendera hiyo ikipepea walikuwa hawajazaliwa. Jumanne, kijana mwenye bajaji, ni mjukuu wa Mzee Pazi. Walimsema babu yake mpaka akajibu kwa ukali. Shabani akamtoa kwenye kundi, na wengine wakamsindikiza kwa vikatuni vya kucheka. Jumanne naye, kwa uchungu wake, akazifungia namba za wote waliomcheka, zisimpigie tena.

Mmoja wa waliocheka alikuwa Idi, mume wa Rehema, ambaye huziba pancha za malori kule Msata. Rehema alikuwa mjamzito. Hebu nyie mniambie, mume wa mjamzito anamcheka mwenye bajaji kwa lipi?

Siku yenyewe mimi nilikuwa Miono kwenye hitima ya dada yangu. Mchana Rehema alishikwa na uchungu kabla ya wakati wake, na damu ikawa inamtoka. Akampigia mumewe. Idi akampigia Jumanne, simu haikupita. Akaandika kwenye kundi, kisha akamwambia mkewe, "Tulia, nimeshatuma kule Tuzikane, usafiri unakuja."

Rehema akatulia. Alimwamini mumewe, akawaamini na nyinyi. Alilala kitandani akitega sikio asikie mlio wa bajaji, na bajaji ya Jumanne imeegeshwa nyumba ya tatu kutoka pale.

Jirani yake, Bi Asha, alikuja kurudisha ungo, akamkuta katika hali hiyo. Hakushika simu. Alitoka mbio, kanga inamwanguka, mpaka kwa Jumanne. Jumanne hakuuliza huyo ni mke wa nani wala ni dada wa nani. Aliacha chakula sahanini, akaja akambeba Rehema mikononi, akamkimbiza Bagamoyo hospitali. Rehema alipona. Mtoto, wa kiume, alizaliwa kimya.

Tulimzika. Shabani alikuja kutoka Dar, akakaa barazani na wanaume, analia. Jumanne alikaa pembeni, peke yake. Nami nikasikia vijana wawili wakinong'onezana kwamba kundini wameshaanza kugombana tena, safari hii ni nani aliyemuua mtoto na ni wa chama gani. Hapo ndipo nilipotoka ndani, mwanangu, nikasimama mbele ya wanaume wote.

"Shabani, toa simu yako. Soma yaliyoandikwa siku ile mchana."

"Bibi, hayasomeki mbele za watu."

"Uliyaandika mbele za watu. Soma."

Akasoma. Tusi moja, tusi la pili, mama ya fulani, ukoo wa fulani. Wazee waliinamisha vichwa. Kisha akafika kwa Idi: "Jamani, mke wangu yuko hoi nyumbani, mwenye usafiri amkimbize hospitali."

"Nani aliyeandika chini yake?" nikamuuliza.

"Mimi."

"Uliandika nini?"

Hakuinua uso. "Idi, usitutoe kwenye mada."

Shabani akasema hakuusoma ule ujumbe. Aliona jina la Idi tu, akadhani anataka kuusuluhisha ugomvi. Nikamwambia hilo ndilo lililoniunguza kuliko matusi yote. Aliyeteleza ulimi tunamwambia heri kujikwaa dole. Lakini wewe, Shabani, ulikuwa hata husikilizi. Dada yako tumbo moja anakuita, wewe umeshika mada.

Akainuka, akaenda alipokaa Jumanne. "Nisamehe, ndugu yangu."

Jumanne akasema, "Leo sina msamaha, Shabani. Nina bajaji. Dada yako anarudi hospitali kesho kutazamwa, nitampeleka."

Na alimpeleka. Shabani alimrudisha kwenye kundi, Jumanne akajitoa mwenyewe, na simlaumu. Idi hurudi kutoka Msata kila wiki, akaketi karibu na mkewe, na Rehema mpaka leo hamtazami usoni. Hilo nalo sijui litaisha lini. Mimi nimechoka kuwapatanisha watu kwa mambo waliyojitakia.

Basi nisikilize, mwanangu, wewe unayesoma haya kwenye simu hiyo hiyo. Usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Yule unayemtoa leo kwa kidole ndiye mwenye jembe, mwenye ndoo, mwenye gari, na hujui wewe utalihitaji lipi. Kura ina siku yake. Ukishapiga, rudi kwenu ukaishi na watu. Wazee wetu wametuachia mashamba na minazi, hayo rithini. Ugomvi wao waliuanzisha wenyewe, na wengine waliumaliza wenyewe kabla ya kufa, nanyi mnaufukua mkautafune kama fisi. Kama huwezi kumsamehe mtu, usimsamehe, hakuna atakayekulazimisha. Lakini akiumwa mpeleke, akifa mzike. Na jambo likiwa la roho ya mtu, weka simu chini, nenda kwa miguu yako ukapige hodi.

Nimesema kwa ukali kwa sababu ninawapenda, na kwa sababu nina haki ya kukasirika. Mwenyezi Mungu akuepushe na siku utakayomwita jirani na sauti isimfikie. Akufanyie ulimi mwepesi kwa salamu na mzito kwa tusi. Akujaalie nyumba inayopigiwa hodi, na watoto wanaozaliwa wakilia. Amin.